Kabla ya Kununua Pedali, Tazama Itachomekwa Wapi

Mpiga gitaa anayejiandaa kununua pedali yake ya kwanza huwauliza wenzake swali moja: nichukue ipi? Majibu huja kwa majina ya makampuni, Boss, Ibanez, Zoom, Behringer, kisha mjadala unahamia kwenye bei. Ni nadra kumpata wa kumgeuzia swali: hiyo pedali utaichomeka wapi? Makala hii inashikilia kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Pedali hubadilisha umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa, na umeme huo haujawa sauti mpaka upite kwenye amplifaya na spika. Kinachoupokea huamua sehemu kubwa ya matokeo, na kwa pedali za distosheni huamua karibu yote. Kwa wapiga gitaa wa Mbeya na Iringa jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wengi wao hawatumii amplifaya ya gitaa kabisa. Gitaa linakwenda moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa au ya ukumbi, au linaegeshwa kwenye spika ya kinanda, wakati ushauri mwingi unaosambaa kuhusu pedali umetoka kwa watu ambao nyuma yao kuna Fender au Marshall imewashwa.

Chukua mfano wa Brian May wa kundi la Queen, ambaye sauti ya gitaa lake inasifiwa duniani kwa unene wake. Sauti ile ilitokana na kiboksi cha kuongeza sauti za juu kilichokuwa kikisukuma amplifaya ya valvu, Vox AC30, ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Kiboksi chenyewe hakina unene wowote ndani yake. Kichomeke kwenye miksa ya kawaida na utapata gitaa jembamba linalochoma masikio, kwa kuwa unene ulikuwa unatengenezwa na valvu zilizozidiwa. Mfano wa pili ni Ibanez Tube Screamer, pedali ya kijani iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo nakala zake za bei nafuu zimejaa madukani. Pedali hiyo hupunguza besi, hunyanyua sauti za katikati, na wengi wanaoisifia huweka kitasa cha DRIVE chini na LEVEL juu, maana lengo lao ni kuisukuma amplifaya ya valvu ikwaruze yenyewe. Kijana wa Uyole akifuata mpangilio huo kwenye amplifaya ndogo ya transista, atasikia gitaa lile lile limepanda sauti, halafu kwa ghafla linapasuka vibaya. Ataamini kauziwa pedali feki, kumbe pedali ni nzima na imefanya kile kile ilichoundiwa.

Tofauti hiyo ina sababu ya kiufundi ambayo si ngumu kuielewa. Valvu ikizidiwa haikati sauti kwa mkupuo. Hubana vilele vya mawimbi polepole, na sikio hulipokea hilo kama utamu. Transista hubaki safi mpaka kikomo chake, ikishafika hapo inakata vilele moja kwa moja, na kinachosikika ni ukwaruzaji mkavu. Kwa hiyo kwenye valvu pedali inaweza kuwa msukumaji tu, na kwenye transista pedali inapaswa kubeba kazi yote ya kukwaruza huku amplifaya ikiachwa ipige safi. Lakini hata hizo za valvu haziko sawa. Fender Deluxe Reverb ya wati 22 huanza kukwaruza mapema, hivyo kuisukuma ni rahisi. Twin Reverb ya wati 85 hubaki safi mpaka watu wameanza kuziba masikio. Mwenye Twin aichukulie kama amplifaya safi, bila kujali valvu zilizomo. Marshall JCM800, iliyotoka mwaka 1981, inakuja na ukwaruzaji wake tayari na haihitaji zaidi ya kuongezewa msukumo kidogo.

Hata hivyo, amplifaya ambazo mtu wa Mwanjelwa au Mlandege atakutana nazo ni za transista: Fender Frontman, Marshall MG, na zile ndogo za mazoezi zisizo na jina. Kwa hizo, acha chaneli ya distosheni iliyomo ndani na tumia chaneli safi. Chagua pedali yenye sauti iliyojaa bila kusaidiwa, kama Boss DS-1 iliyoanza kuuzwa mwaka 1978 au yoyote ya jamii ya RAT. Kitasa cha ukwaruzaji kiweke kwa kiasi unachotaka kukisikia. LEVEL ilingane na sauti ya gitaa pedali ikiwa imezimwa, au izidi kidogo tu pale unapotaka solo itokeze. Roland JC-120 ya mwaka 1975, ambayo nayo ni ya transista, inapendwa mno kwa usafi wake na kwa korasi iliyojengewa ndani, ila sauti zake za juu ni kali. Ukiiwekea distosheni, shusha TREBLE chini kuliko jicho linavyozoea kuona. Amplifaya za kidijitali kama Boss Katana, Fender Mustang na Line 6 Spider zina maelezo mafupi zaidi: zinaiga amplifaya nyingine, hivyo pedali ya distosheni iende kwenye chaneli safi pekee, la sivyo utakuwa unakwaruza sauti ambayo tayari imekwaruzwa.

Sasa tufike kwenye miksa, maana huko ndiko wengi waliko. Gitaa la umeme la kawaida, lile lisilo na betri, limeundwa likutane na tundu lenye ukinzani mkubwa, yapata megaomu 1, na tundu la amplifaya ya gitaa liko hivyo. Tundu la LINE la miksa mara nyingi lina kiloomu 10 au 20 tu, yaani ukinzani mdogo mara hamsini hadi mia. Gitaa likichomekwa hapo linaelemewa: nguvu inapungua, sauti za juu zinafifia, na linabaki na mlio wa kuziba. Fundi mitambo atapandisha kitasa cha HIGH, kelele zitapanda pamoja nacho, na mpiga gitaa atabadilisha nyuzi au kuilaumu pikapu. Baadhi ya miksa zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z kwenye chaneli moja au mbili, na kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya kazi hii hii. Kama hakipo, boksi la DI, yaani kifaa cha kuunganishia ala na miksa, likiwa la kutumia betri litafanya kazi. Na kuna njia ya tatu ambayo wengi wanayo bila kujua. Pedali za Boss, hata zikiwa zimezimwa, hupitisha sauti kwenye saketi inayolipa gitaa tundu la ukinzani mkubwa na kuitoa ikiwa na nguvu ya kutosha kwa miksa. Mwenye kirekebisha nyuzi cha Boss TU-3 akikiweka kati ya gitaa na miksa amepona maradhi mawili kwa dawa moja. Pedali zinazotangazwa kuwa ni za true bypass hazitoi msaada huo zikizimwa. Zikizimwa, ni sawa na kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa.

Tatizo la pili la miksa ni spika, na hili ndilo linaloua pedali za distosheni. Spika ya gitaa ya inchi 12 haikuundwa ili itoe kila sauti. Celestion Vintage 30, mojawapo ya zinazotumika sana duniani, imetajwa na watengenezaji wake kuwa inafanya kazi kati ya hezi 70 na hezi 5,000. Spika za ukumbi zenye twita huenda karibu na hezi 20,000. Distosheni huzalisha mawimbi mengi ya ziada huko juu. Spika ya gitaa huyameza, spika ya ukumbi huyatangaza yote. Pedali iliyosikika nono dukani inageuka mzinga wa nyuki mbele ya waumini, na mzee wa kanisa anatuma mtu akamwambie kijana azime hicho kidude. Mzee hana kosa. Sauti kweli ni mbaya, ila mbaya wake si pedali, ni kukosekana kwa spika inayochuja.

Dawa yake ni kifaa kinachoiga boksi la spika ya gitaa, yaani kinachokata sauti za juu namna spika halisi inavyokata. Kiko kama pedali inayojitegemea, kiko kwenye baadhi ya maboksi ya DI, na kiko ndani ya karibu kila mashine ya kisasa ya efekti nyingi, ambako huandikwa CAB. Kikae mwisho wa mstari wa pedali, kabla ya miksa. Penye miksa ya kidijitali kama Behringer X32, fundi mitambo anaweza kukata kila kilicho juu ya hezi 5,000 kwenye chaneli ya gitaa, na matokeo yatastaajabisha kwa jambo lisilogharimu hata shilingi. Kwenye miksa ya kawaida kitasa cha HIGH kwa kawaida hushughulikia eneo la hezi 12,000, hivyo kukishusha kunapunguza ukali bila kuumaliza. Malizia kwa kushusha TONE ya pedali na ya gitaa lenyewe. Spika ya kinanda ihesabiwe kama spika ya ukumbi, vivyo hivyo amplifaya ya besi yenye twita, isipokuwa kama ina swichi ya kuizima twita hiyo.

Hapa mtu mwenye kumbukumbu atapinga. Atasema wazee walipiga muziki mtamu bila elimu hii ya maomu na mahezi. Iringa yenyewe ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ambayo miaka ya 1980 ilitikisa nchi ikiwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na magitaa yake yanasikika mpaka leo kwenye kanda za redio. Hoja hiyo ni ya kweli, na inaunga mkono ninachosema. Sikiliza kwa makini muziki wa dansi wa enzi ile: magitaa ni safi. Solo, solo la pili na ridhimu kila moja lina eneo lake, na utamu unatoka kwenye mpangilio na mkono wa mpigaji. Sauti safi haina yale mawimbi mengi ya juu ambayo spika ya ukumbi ingeyatangaza, kwa hiyo haina ugomvi mkubwa na kinachoipokea. Ndiyo maana nawashauri wanaopiga sebene na mapambio, ambao ndio wengi katika kwaya na vikundi vya sifa kuanzia Tukuyu hadi Kihesa, waahirishe distosheni kabisa. Kompresa kidogo, korasi na dilei fupi vinafanya kazi vizuri hata kwenye miksa, mradi tatizo la ukinzani limeshatatuliwa. Kompresa isizidishwe, kwani huinua pia mvumo na kelele zilizojificha katikati ya noti. Rivabu ni ya kuogopa zaidi. Ukumbi wa kuta za zege na paa la bati una mwangwi wake wa bure, na ukiongeza mwingine maneno ya waimbaji hayaeleweki tena.

Mpangilio wa pedali nao unaufuata upande unaopokea. Utaratibu wa kawaida ni kirekebisha nyuzi kwanza, kisha kompresa, ovadraivu au distosheni, korasi, dilei, na rivabu mwisho. Mantiki yake ni kwamba mwangwi unapaswa kuwa mwangwi wa sauti iliyokwisha kukwaruzwa. Ukikwaruza mwangwi, marudio yote yanavurugana na kuwa uji. Kwenye amplifaya safi na kwenye miksa utaratibu huo unatosha. Ugumu unaanza pale unapotumia distosheni ya amplifaya yenyewe, kwa sababu hapo ukwaruzaji unatokea baada ya pedali zako zote. Tazama nyuma ya amplifaya kama kuna matundu mawili yaliyoandikwa SEND na RETURN. Waya kutoka SEND uingie kwenye korasi au dilei, na unaotoka kwenye dilei urudi RETURN. Kwa njia hiyo mwangwi unakuja baada ya ukwaruzaji. Kama matundu hayapo, na kwenye amplifaya nyingi ndogo hayapo, rudi kwenye chaneli safi na uache pedali ikwaruze.

Kuna pingamizi la pili ambalo lina nguvu zaidi: si basi kila mtu anunue mashine moja ya efekti nyingi ayamalize yote? Karibu nakubali. Kwa anayepiga kwenye miksa kila Jumapili, mashine kama Zoom G1 Four ni manunuzi ya busara kuliko pedali tatu tofauti: inaiga amplifaya na boksi la spika, ina kirekebisha nyuzi, na inatumia betri nne za kawaida za AA. Lakini mashine hiyo haimwondolei mtu wajibu wa kujua inakochomekwa. Ikiunganishwa kwenye miksa, CAB iwashwe. Ikiunganishwa mbele ya amplifaya ya gitaa, CAB na amplifaya ya kuigiza vizimwe, vinginevyo sauti inachujwa mara mbili na gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Wanaolalamika kwamba mashine hizi zinatoa sauti ya plastiki mara nyingi wamesahau swichi hiyo moja. Jambo jingine ni kwamba sauti zilizowekwa kiwandani zimejazwa rivabu na dilei ili zimvutie mnunuzi aliyevaa hedifoni. Zipunguze zote kabla ya kuingia ukumbini.

Wapo pia wanaoamini kwamba suluhisho la kweli ni kudunduliza hadi upate amplifaya ya valvu. Kwa studio ya mtu mwenye uwezo, sawa. Kwa bendi inayosafiri kati ya Makambako na Tunduma sioni faida yake. Twin Reverb ina uzito wa kilo 29 hivi, valvu zake huchoka na hazipatikani kwenye duka la jirani, na volti zinazopanda na kushuka si rafiki zake. Anayenunua za mitumba aongeze tahadhari. Amplifaya iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa volti 120, na soketi zetu zinatoa 230. Soma kibao kilicho nyuma kabla ya kuchomeka, na bei ya transfoma iingizwe kwenye hesabu ya manunuzi.

Umeme wa pedali zenyewe unastahili uangalifu ule ule, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapoteketea. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, na hasi iko katikati ya jeki. Adapta za vinanda vya Yamaha zinazozagaa makanisani nyingi ni za volti 12 na chanya ndiyo iliyo katikati, yaani ni kinyume kabisa, ingawa jeki inaweza kuingia bila shida. Pedali isiyo na kinga inaungua hapo hapo. Tazama mchoro mdogo kwenye adapta, wa duara na alama za kuongeza na kutoa, uulinganishe na ule ulio kwenye pedali. Angalia pia miliampia: pedali za analogia hula kidogo sana, mara nyingi karibu 10, lakini dilei na rivabu za kidijitali zinaweza kula 60, 100 au zaidi, na adapta isiyotosha huleta mvumo na kuzimika. Upande wa miksa, kama umeunganisha pedali kwa waya wa jeki upande mmoja na XLR upande wa pili, hakikisha volti 48 zinazotumwa kwenye maikrofoni zimezimwa kwenye chaneli hiyo. Boksi la DI limejengwa kuzihimili volti hizo. Pedali haikujengwa hivyo.

Mvumo mzito ukisikika pale amplifaya na miksa vinapounganishwa, kuna mafundi watakaokata pini ya ethi kwenye plagi, na mvumo utaisha kweli. Wasiruhusiwe. Mpiga gitaa aliyeshika nyuzi za chuma na kugusa maikrofoni kwa midomo anaweza kupitiwa na umeme wote ambao ethi ilikuwepo ili iuondoe. Boksi la DI lina swichi ya GROUND LIFT inayoondoa mvumo huo bila kuhatarisha uhai wa mtu.

Linabaki suala la duka. Pedali nyingi zinanunuliwa Kariakoo, kilomita zipatazo 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya, na hazirudishwi kirahisi. Muuzaji ataijaribu kwenye amplifaya ya gitaa iliyo karibu, na itapendeza. Mwombe aichomeke kwenye miksa na spika yenye twita, gitaa likiwa la kawaida lisilo na betri, kisha usikilize kwa sauti kubwa na si kwa hedifoni. Kama hujaenda mwenyewe, mtume mtu anayejua kuomba hivyo. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nawe unapiga kwenye miksa, nunua chenye tundu la ukinzani mkubwa na kinachoiga boksi la spika. Pedali ya distosheni itasubiri mwaka mwingine.